Maonyesho ya maiti: Ridhaa ya marehemu ndiyo mizani

MAITI iliyochunwa ngozi, misuli na mishipa ikionekana wazi, husimamishwa kana kwamba inakimbia. Watazamaji hulipa kiingilio ili waione. Je, ni haki mwili wa binadamu kuwekwa hadharani namna hiyo?

Maonyesho haya yalitokana na ufundi wa plastinesheni, uliobuniwa mwaka 1977 na Dkt Gunther von Hagens katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani. Mwili hutiwa fomalini usioze. Kisha maji na mafuta yaliyomo huondolewa kwa asetoni, na nafasi yake ikajazwa plastiki ya majimaji ambayo baadaye hugandishwa. Maonyesho yake, Body Worlds, yalianzia Tokyo, Japani, mwaka 1995.

Wanaoyatetea husema kwamba raia wa kawaida hupata elimu iliyokuwa ya madaktari pekee. Anayeliona pafu la mvutaji sigara hahitaji mahubiri marefu. Wapinzani nao hushikilia kuwa kifo hakimwondolei mtu heshima yake, wala maiti si bidhaa.

Hata hivyo, swali zito zaidi ni nani aliyetoa ruhusa. Von Hagens ana mpango ambapo watu hutia saini wangali hai. Maonyesho mengine, Bodies: The Exhibition, yalitumia maiti kutoka China zisizokuwa na idhini ya maandishi. Mnamo Mei 2008, Mkuu wa Sheria wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, aliilazimisha kampuni husika kuwatangazia watazamaji kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa miili hiyo haikuwa ya wafungwa.

Nchini Ufaransa, mahakama ya Paris ilifunga maonyesho kama hayo mwaka 2009. Mwaka uliofuata, mahakama ya juu ilikubaliana na uamuzi huo, ikizingatia sheria inayotaka mabaki ya binadamu yatendewe kwa heshima na staha.

Yamkini maiti iliyokosa jamaa wa kuichukua haina wa kulalamika, lakini kimya chake si ridhaa. Vilevile, aliyekubali mwili wake uwafunze madaktari hajakubali utazamwe kwa kiingilio. Kwa hivyo fomu ya idhini yapasa kutaja matumizi yote waziwazi, jamaa waarifiwe mapema, na mhusika awe huru kubadili nia kabla ya kufa.