Swali la Kisa Lilianzia Kwenye Mizani ya Kahawa

Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walivamia maghala ya vyama vyao wenyewe. Hicho ndicho kisa cha kwanza ninachowapa vijana wanaonijia hapa Moshi kujiandaa na mtihani wa kitaaluma wa masoko. Maswali ya visa huwatisha. Wanapewa ukurasa mzima wa habari za biashara, kisha wanaambiwa: wewe ni meneja wa masoko, mshauri mkurugenzi. Bidhaa, bei, usambazaji na utangazaji wamevikariri vyote, lakini kalamu inagoma. Nawaambia tuanze na mlima wetu.

Mwaka 1925 Wachagga waliunda chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Walowezi hawakupenda Mwafrika alime arabika, na chama kilisimama kulinda haki hiyo. Mdororo wa uchumi wa dunia ukaangusha bei, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikachukua nafasi ya KNPA chini ya sheria mpya ya ushirika. Haukupita muda, serikali ikaamuru kahawa yote ya Wachagga ipitie huko.

Kwa upande wa mauzo, hoja ilikuwepo: mzigo mkubwa, uliopangwa kwa madaraja, una nguvu mbele ya mnunuzi wa ng'ambo. Lakini mkulima alipokea malipo ya awali, akasubiri nyongeza baada ya kahawa kuuzwa. Bei ya dunia iliposhuka, nyongeza nayo ikasinyaa, na kuuza kwingine kulikatazwa. Hasira ikaishia kwenye maghala.

Wanafunzi wengi hukimbilia kuandika, "Tufanye kampeni ya kuwaelimisha wakulima." Nawauliza: mteja wa chama hiki ni nani? Yupo anayenunua kahawa ng'ambo, na yupo mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, huko Machame ambaye lazima aridhike ndipo alete gunia msimu ujao. Habari za kisa zinaonyesha huyu wa pili amefungwa na amri, analipwa kwa kuchelewa, na hajui bei inavyofikiwa. Elimu pekee haitamfungua.

Ujuzi wa kumweleza mkulima bei inavyofikiwa ulihitaji shule. Mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Nchi changa ilihitaji makarani na mameneja watakaoweza kusimama mbele ya wanachama na kueleza uzito, daraja na makato, kila mwanachama akielewa shilingi yake imekwenda wapi. Kwangu mimi, hapo ndipo mtihani wa masoko ulipozaliwa katika mji huu, hata kabla haujachapwa kwenye karatasi.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kurudi. KNCU ikapata cheti cha biashara ya haki mwaka 1993, na muda mfupi baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Basi kisa cha pili ni hiki: gari la mnunuzi limesimama kando ya barabara Kibosho na linalipa taslimu leo. Wewe unalipa kwa awamu, ila una wanunuzi wa nje wanaoongeza bei kwa sababu ya cheti. Utafanya nini?

Soma swali kabla ya kisa, ujue unaombwa nini. Pigia mstari kila jambo litakalobeba uamuzi wako. Kila pendekezo lifunge na jambo ulilolipigia mstari, useme nani atalitekeleza, lini, na fedha zitoke wapi. Pendekezo linaloweza kuhamishiwa kiwanda cha sabuni bila kubadilisha neno halina alama hapa.

Anayesifia cheti peke yake ameandika nusu ya jibu. Msimu wa kuvuna mara nyingi mkulima wa Kibosho anadaiwa ada ya shule, na ada haisubiri nyongeza. Jibu lisilosema mkulima huyo atapata kiasi gani siku ile kahawa inapopimwa, na mkopo wa kumlipa utatoka wapi, nalirudisha liandikwe upya.