Karata za Treni ya Birmingham

Watu husema kwamba shahidi huweza kudanganya, lakini dawa za maabara hazina rafiki wala adui. Basi sikilizeni habari ya Birmingham, katika Uingereza.

Tarehe 21 Novemba 1974, jioni, mabomu yalipasuka katika baa mbili za mji ule. Watu 21 walikufa, na zaidi ya 180 waliumia. Usiku ule ule polisi waliwakamata wanaume watano wa Ireland katika bandari ya Heysham, wakienda kupanda meli ya Belfast kwa mazishi. Wa sita alikamatwa kesho yake. Mtaalamu alipangusa mikono ya wale watano, akatia dawa. Kwa wawili rangi ikageuka. Akasema ana hakika, 99 kwa 100, kwamba wameshika baruti. Wanne walitia sahihi karatasi za kukiri. Walisema walipigwa kwanza. Agosti 1975 wote sita wakapewa kifungo cha maisha.

Kumbe, dawa ile ilionyesha nini? Ilionyesha alama ya nitriti tu, nayo hutokea hata katika vanishi na karata. Na wale watu walikuwa wamecheza karata ndani ya treni! Mwaka 1985 wataalamu wengine walichanganya karata za zamani mbele ya kamera, mikono yao ikatoa rangi ile ile.

Hata hivyo mlango haukufunguka upesi. Mwaka 1980 walipotaka kuwashitaki polisi, jaji mkubwa, Lord Denning, aliwakatalia: wakishinda, alisema, itakuwa polisi wamewapiga na kudanganya, jambo la kutisha mno. Sababu ya namna gani hiyo! Januari 1988 rufaa yao pia ilikataliwa.

Mwishoni zilisema karatasi za polisi zenyewe. Kalamu ikigandamiza, huacha chapa katika karatasi ya chini, isiyoonekana kwa macho. Umeme na unga mweusi huifunua. Hivyo ilijulikana kwamba maneno yaliyodaiwa kuandikwa papo hapo, mtuhumiwa akisema, hayakuandikwa kwa mara moja.

Tarehe 14 Machi 1991 wote sita walitoka, baada ya miaka 16. Hakuna polisi aliyehukumiwa kwa mambo yale, wala mtu mwingine kwa mauaji ya wale 21. Familia zao zingali zinadai.