Tondezi, seshwari na pasi ya nywele kwenye bato: kipi kinafaa ndani ya dushe, kipi kingoje mpaka nchi kavu

Bato kubwa za ziwa Kivu zinazosafiri usiku kati ya Bukavu na Goma zina kabini. Mwenye kulipa kabini anapata kitanda na mlango wa kufunga, na katika bato zingine anapata choo na dushe humo humo. Asubuhi anataka kushuka akiwa safi: ndevu zimenyolewa, nywele zimenyooshwa, juu wengine wanaenda kazini, wengine kwenye ndoa, wengine kwenye kilio. Ndiyo maana ndani ya mifuko ya kabini hakukosi tondezi, seshwari ya kukausha nywele ama pasi ya kunyoosha nywele.

Vyombo hivi vyote ni vidogo na vinaingia katika mkoba mmoja. Lakini mbele ya umeme na maji havifanani hata kidogo. Kwenye meli kubwa za kitalii za Ulaya na Marekani, msafiri anakuta maandishi juu ya priza yanayomwambia nini anaweza kutumia. Kwenye bato za hapa kwetu, mara nyingi anajiamulia mwenyewe. Inafaa basi kujua ginsi mambo haya yanavyotembea.

Udogo wa chombo haupimi umeme wake

Kila chombo cha umeme kina kipande kidogo cha maandishi, chini ama kwenye mkono. Namba yenye herufi W inaonyesha kiasi cha umeme kinachokula. Tondezi ama mashine ya ndevu inakula wati chache tu, mara nyingi chini ya 15. Pasi ya nywele inakula makumi ya wati, lakini vibao vyake vinaweza kupita digri 200 za joto. Seshwari iko mbali sana na hizo: nyingi ziko kati ya wati 1.200 na 2.200.

Kwa umeme wa volti 220 tunaotumia Congo, seshwari ya wati 2.000 inavuta ampere 9 hivi. Hiyo ni karibu nguvu yote ya priza moja iliyowekwa na waya mwembamba. Kwenye bato umeme unatoka kwa jenereta, ambayo inapaswa pia kuwasha taa na vyombo vingine. Abiria watatu wakiwasha seshwari wakati mmoja, wanaomba wati 6.000. Jenereta ndogo inaweza kulemewa, na giza likaingia katikati ya ziwa.

Priza ndogo ya kunyolea

Kwenye meli nyingi za kigeni, na katika hoteli nyingi pia, ndani ya chumba cha kuogea kuna priza moja ndogo karibu na kioo, yenye alama ya mashine ya kunyolea. Mara nyingi ina matundu ya volti mbili: 115 na 230. Watu wengi wanaiona kama priza ya kawaida. Siyo hivyo.

Nyuma yake kuna transfoma ndogo inayotenga umeme wa priza na umeme wa meli. Kwa kawaida umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia ardhi, na juu ya meli chuma ndicho kinashika nafasi ya ardhi. Mtu aliyesimama miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji anakuwa njia hiyo. Transfoma inakata njia: akigusa waya mmoja wa priza ile, umeme hauna pa kupitia ndani ya mwili wake. Lakini akigusa waya zote mbili pamoja, transfoma haimsaidii.

Tena transfoma hiyo ni dhaifu. Kwa kawaida imetengenezwa kwa vyombo vya wati 20 hivi: mashine ya ndevu, ama mswaki wa umeme. Seshwari ya wati 2.000 inaomba mara 100 ya nguvu hiyo. Ikichomekwa pale, priza inajikata, ama transfoma inaungua.

Kwenye bato isiyokuwa na priza ya namna hiyo, hali ni nyingine. Kama karibu na lavabo kuna priza ya kawaida, haina transfoma ya kumkinga mtu. Haipaswi kutumiwa na mwenye mikono ya maji, hata kwa tondezi.

Maji yanafanya nini

Ngozi kavu inazuia umeme kwa kiasi fulani. Ngozi yenye maji na sabuni inauacha upite kwa urahisi. Mafundi wanachukua miliampere 30 kama mpaka: umeme unaopita hapo ndani ya mwili unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Wanasema: «Kuna dijonkta, itakata.» Dijonkta ya kawaida ya ampere 10 inalinda waya zisiungue. Ampere 10 ni miliampere 10.000, zaidi ya mara 300 ya kile kinachoweza kumuua mtu. Inayolinda mtu ni dijonkta diferansieli ya miliampere 30. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi, na ikiona kuna unaopotea inakata mara moja. Inatambulika kwa kibonyezo kidogo chenye herufi T, cha kuijaribu.

Jambo lingine: seshwari iliyozimwa lakini ingali kwenye priza bado ina umeme ndani. Ikianguka ndani ya maji, inaweza kuua hata kama haizunguki. Huko Marekani, tangu mwaka 1991 seshwari za mkononi zinatakiwa kuwa na kinga ya maji ndani ya kichwa cha waya. Ni kile kichwa kikubwa cha pembe nne chenye vibonyezo viwili. Seshwari zinazotengenezwa kwa soko la Ulaya kwa kawaida hazina kichwa hicho, juu huko kinga inawekwa ndani ya nyumba, kwenye dijonkta. Anayenunua seshwari Kadutu ama Nyawera anaweza kukuta ya aina yoyote. Bila kinga kwenye waya na bila diferansieli kwenye nyumba, hakuna kitu kinachomlinda.

Zawadi kutoka Marekani

Ndugu walio ng'ambo wanatuma vyombo vya nywele. Vinavyotoka Marekani vingi vimetengenezwa kwa volti 120. Adapta ya kawaida inabadilisha umbo la kichwa tu; haibadilishi volti. Seshwari ya volti 120 ikichomekwa kwenye 220 inavuta zaidi ya mara tatu ya nguvu yake, na ndani ya muda mfupi inatoa moshi ama moto.

Dawa ni kusoma maandishi. Yakisema «100-240V», chombo kinakubali umeme wa pande zote. Tondezi nyingi za kuchaji ziko hivyo. Yakisema «120V» peke yake, chombo hicho hakifai kwa umeme wetu.

Moto juu ya maji

Nyumba ikiwaka, watu wanakimbia nje. Bato ikiwaka katikati ya ziwa, nje ni maji. Mwezi wa 4 mwaka 2025, bato la mbao liliwaka kwenye mto Congo karibu na Mbandaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Inasemekana moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa anapika, siyo kwa chombo cha nywele. Lakini funzo ni moja: juu ya maji, moto mdogo unageuka msiba kwa dakika chache.

Ndiyo sababu makampuni mengi ya meli za kitalii yanakataza abiria kuingia na pasi ya nguo, na seshwari ya kabini ni ile meli yenyewe imeweka. Pasi ya nywele mara nyingi inakubaliwa, lakini kuiacha ya moto juu ya shuka ama godoro la sponji ni kuwasha jiko kitandani.

Nyumbani, hatari ni ileile

Umeme wa Bukavu unatoka kwa sehemu kubwa kwenye mabwawa ya Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II la mwaka 1989, ambalo Congo inagawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua kupita nguvu hizo, na delestaji tunaijua wote. Mtu ananyoosha nywele, umeme unaenda, anaacha pasi kwenye priza na kutoka. Umeme unarudi hakuna mtu nyumbani. Katika mitaa yenye nyumba za mbao zilizobanana, kosa hilo linaweza kuunguza majirani pia.

Mambo ya kushika

Kabla ya kuingia kwenye bato, soma wati na volti za chombo chako. Chaji tondezi nyumbani, ili kwenye kabini usihitaji priza.

Usikaushe wala kunyoosha nywele ndani ya dushe. Jipanguse kwanza, vaa sapato zenye soli kavu, utumie priza iliyo mbali na maji. Katika nyumba za Ufaransa, sheria haikubali priza ya kawaida chini ya sentimeta 60 kutoka ukingo wa bafu ama dushe. Kipimo hicho ni cha chini. Mbali zaidi ni bora.

Ukimaliza, toa kichwa kwenye priza. Kuzima kibonyezo hakutoshi. Pasi ya nywele ipoe juu ya kitu kisichowaka, kama chuma ama kigae.

Usiunganishe ralonji juu ya ralonji. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, chomoa chombo na uite wafanyakazi wa bato mara moja, hata saa nane ya usiku.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza, kwenye dijonkta. Kama haiwezekani, simama pakavu umsukume kwa ubao ama fimbo kavu. Kama hapumui, piga kelele watu wasaidie na uanze kumkandamiza kifua. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, juu moyo unaweza kusumbuka baadaye.

Kwa safari ya usiku mmoja, tondezi yenye chaji, kitana na kioo vinatosha. Seshwari inaweza kungoja bandari ya Goma.