Neno Lilitangulia Kisu

Babu yangu alitoka Kibondo akiwa kijana, akatembea kwa miguu siku kadhaa mpaka kwenye reli, akaenda Tanga kukata mkonge. Alirudi na baiskeli, mablanketi mawili na Kiswahili. Alirudi pia akiwa ametahiriwa. Hilo la mwisho baba aliniambia juzi juzi tu, baada ya mke wangu kujifungua mtoto wa kiume na nesi kutuuliza kama tutamtahiri.

Mke wangu ni wa Tanga, na kwao hilo wala si swali. Kwetu Buha lina historia. Waha wa zamani hawakuwa na jando. Kijana alihesabiwa kuwa mwanamume alipooa na kujenga kwake, basi. Na hatukuwa peke yetu: Warundi, Wanyarwanda, Wasukuma na Waganda nao hawakuwa na desturi hiyo. Kabaka Mutesa I wa Buganda alifunga Ramadhani miaka kadhaa, lakini kutahiriwa alikataa, maana mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Vijana wa ikulu waliosilimu wakaanza kukataa nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Katika miaka ya 1870 wengi wao waliuawa kwa amri yake. Kumbe kipande kidogo cha ngozi kinaweza kugombanisha mfalme na watu wake.

Kwetu hakikuleta vita. Uislamu ulifika Ujiji na misafara ya karne ya 19, lakini milima ya Kasulu na Kibondo ilikuwa mbali na ufuko ule. Kilichotubadilisha ni kazi. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na wakati wa Mwingereza wanaume wa Kiha walichukuliwa kwa wingi kwenda mashamba ya mkonge. Waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa. Huko waliishi kambi moja na watu ambao kwao mtu asiyepita jandoni bado ni mtoto, hata awe na mvi.

Hebu sikiliza lugha yenyewe. Tohara ni neno la Kiarabu, na maana yake ni usafi. Kwa hiyo ukisema fulani hajatahiriwa, umeshasema hajasafishwa. Kiswahili kina jando, kumbi na ngariba. Lakini nitafutie neno moja la heshima la kumwita mwanamume aliyebaki kama alivyozaliwa. Mimi sijalipata. Linalobaki ni govi, na govi ni tusi. Majirani zetu Wanyarwanda husema gusiramura, neno lililotokana na Usilamu; angalau lao linakuambia desturi ilitoka wapi. Babu alijifunza Kiswahili kambini, na ndani ya Kiswahili hicho akajikuta mchafu.

Na ngozi yenyewe ina kazi gani? Kwa mtoto mchanga imeshikamana na kichwa cha uume, ikikikinga na mkojo na msuguano. Huachia yenyewe taratibu kadiri miaka inavyokwenda, na haifai kuivuta kwa nguvu. Kwa mtu mzima huteleza mbele na nyuma, na ina neva nyingi za kuhisi mguso. Kama kuikata kunapunguza raha, watafiti bado wanabishana. Upande wake wa ndani ni laini, wenye unyevu, na una chembe za kinga ambazo virusi vya UKIMWI huzitumia kama mlango. Ndiyo maana majaribio matatu, ya Orange Farm, Kisumu na Rakai, yalionyesha kwamba tohara inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, bila kuacha kondomu, na Tanzania ikaingia kwenye kampeni.

Hiyo ni sababu, tena nzito. Ila haikuwa ya babu. Nilimuuliza baba kama mzee alisilimu, au aliugua. Akacheka kidogo. "Hapana. Kambini walikuwa wanaoga mtoni pamoja."

Mke wangu alinyamaza aliposikia hayo. Kisha akasema, "Na huyu naye atachekwa shuleni." Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ni kweli atachekwa. Karibu miaka 80 imepita, na mto ni ule ule.

Nesi tumemwambia asubiri. Pengine mtoto atatahiriwa hospitalini, kwa ganzi, na sitakuwa na kinyongo. Ila nimemwomba mama yake jambo moja: siku hiyo ikifika, tumpe sababu ambayo haimtukani babu yake mkuu, na neno uchafu lisiwemo.