Rweya, Ng'ombe na Kibanja: Historia ya Wanga wa Ndizi Kagera

Leo tunakwenda Kagera.

Ukitoka Bukoba mjini kuelekea Muleba, nyumba nyingi huzioni vizuri kutoka barabarani. Unachoona ni migomba. Jina Kagondo utalikuta pande zote mbili, Bukoba na Muleba, na mandhari hayabadiliki sana: vijiji kama visiwa vya kijani kilichokolea, na kati ya kisiwa na kisiwa, maeneo ya wazi yenye nyasi. Shamba la migomba linaloizunguka nyumba Wahaya wanaliita kibanja. Eneo la nyasi wanaliita rweya.

Mgeni akitazama atasema: aha, penye migomba ndipo penye udongo mzuri, na kule kwenye nyasi udongo ni hafifu. Kwa leo hajakosea. Ila akidhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, hapo tumwambie asubiri kidogo. Sehemu kubwa ya udongo mzuri wa kibanja haikuwepo ikimngoja mgomba. Ilitengenezwa na watu, kizazi baada ya kizazi, na ndiyo historia ninayotaka tuiangalie leo. Lakini kabla ya historia, tupite kwanza kwenye kemia. Usiogope, ni kidogo tu.

Glukosi moja, njia mbili

Mmea wowote, uwe mgomba au nyasi, unatumia mwanga wa jua kuunganisha hewa ukaa na maji, na unapata sukari. Sukari ya msingi ni glukosi. Chukulia glukosi ni shanga moja. Mmea unaweza kutunga shanga hizo kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza, shanga zote zinatungwa zikiwa zimeelekea upande mmoja. Uzi unaopatikana unajikunja kama springi. Huo ndio wanga. Ndani yake kuna aina mbili: amilosi, ambayo ni uzi usio na matawi au wenye machache sana, na amilopektini, yenye matawi mengi kama mti. Mgomba unaupakia wanga huo kwenye vipunje vidogo ndani ya tunda, kama akiba.

Njia ya pili, kila shanga inageuzwa ikilinganishwa na jirani yake. Ni badiliko dogo mno kwenye kiungo, lakini matokeo yake ni makubwa. Uzi sasa unanyooka, nyuzi zinalala pamoja na kushikamana kwa nguvu. Hiyo ni selulosi, ndiyo inayoupa ukuta wa seli uimara na kuufanya unyasi usimame.

Mate yetu na utumbo wetu vina vimeng'enya vya kukata kiungo cha wanga. Cha selulosi hatuna. Ndiyo maana unaweza kushiba ndizi, lakini ukila nyasi za rweya kutwa nzima utalala na njaa, japo zote mbili zimejaa glukosi.

Ng'ombe naye, ukweli ni kwamba kimeng'enya hicho hana. Ila tumboni mwake kuna vijidudu vinavyokitengeneza. Vinavunja selulosi, na ng'ombe anaishi kwa kile vinachozalisha. Shika hapo, maana ndipo historia ya kibanja inapoanzia.

Kibanja kilivyojengwa

Mwambao wa ziwa pande za Bukoba unapata mvua nyingi sana, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Unaweza kudhani hiyo ni neema tupu. Kumbe mvua nyingi kwenye udongo uliotokana na mawe ya mchanga inasafisha madini na kuyapeleka chini, mizizi isikoweza kuyafikia. Udongo unabaki maskini na wenye asidi. Mgomba nao ni mlaji mkubwa, hasa wa potasiamu.

Sasa mtu alifanyaje akapata mikungu kwenye udongo kama huo? Aliukusanya utajiri wa eneo kubwa akauweka kwenye eneo dogo. Mchana ng'ombe walichunga rweyani. Jioni walirudi nyumbani, na samadi yao ikaingia kibanjani. Nyasi zilikatwa rweyani zikaletwa kuwa matandazo chini ya migomba. Nyingine zilitandikwa ndani ya msonge, zikachakaa, zikaishia shambani. Majivu, maganda na majani yote yalirudi palepale.

Tuelewane hapa. Samadi haiupi mgomba wanga. Wanga mgomba unautengeneza wenyewe kwa hewa, maji na jua. Samadi na matandazo vinaleta naitrojeni, potasiamu na mabaki yanayoufanya udongo ushike maji. Bila hivyo mgomba hauna mtambo wa kutengenezea wanga. Kwa hiyo ukiangalia kibanja kilichostawi, unaangalia madini ya rweya yaliyohamishwa kwa miguu ya ng'ombe na vichwa vya watu, mzigo baada ya mzigo.

Na mgomba wenyewe ulitoka wapi? Asili ya ndizi zinazoliwa iko Kusini-Mashariki mwa Asia na visiwa vya jirani hadi Papua Guinea Mpya. Ulifikaje Maziwa Makuu na lini, wanaakiolojia bado wanabishana. Lakini jambo moja halina ubishi: ndizi hizi hazina mbegu. Haziwezi kuletwa na ndege wala upepo. Kila mgomba wa Kagera ulianza kama chipukizi lililobebwa na mtu kutoka kwa mtu mwingine. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kuwa ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki zina undugu wa karibu sana, kama watoto wa ukoo mmoja. Utofauti wa majina, maumbo na ladha ulikuzwa hukuhuku. Mwanahistoria David Schoenbrun, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alifuatilia maneno ya lugha za Maziwa Makuu na kuonyesha jinsi kilimo, ufugaji na mamlaka vilivyokua pamoja katika eneo hili. Ukiwa na shamba linalodumu miaka na miaka mahali pamoja, ardhi inakuwa urithi, na urithi unaleta ukoo, bwana na mtwana.

Chungu na shimo

Wanga huo ukishapatikana una njia mbili za kwenda. Ndizi mbichi ikikaushwa, karibu asilimia 70 hadi 80 ya kinachobaki ni wanga. Ikimenywa na kupikwa, vipunje vya wanga vinanyonya maji, vinavimba na kulainika. Hapo unapata ebitoke.

Njia ya pili ni shimo. Ndizi za pombe zinafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto. Siku chache baadaye zimeiva. Kilichotokea ni kwamba gesi ya ethilini, ambayo ndizi yenyewe huitoa, imebanwa shimoni ikaharakisha uivaji, na vimeng'enya vya ndizi vikakata ule uzi wa wanga kuwa sukari. Ndizi hukamuliwa pamoja na nyasi kwenye mtumbwi wa mti, juisi inachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, na hamira za asili zinaigeuza sukari kuwa kilevi. Hiyo ni lubisi. Bila kipimajoto wala maabara, watu walikuwa wanaendesha hatua tatu za kemia: wanga kuwa sukari, sukari kuwa pombe, na mabaki kurudi kibanjani.

Mnyororo ulipokatika

Mpango huu ulitegemea vitu vinne: rweya, ng'ombe, mikono ya kazi na migomba yenye afya. Miaka 130 iliyopita imevigusa vyote vinne.

Ng'ombe walianza. Miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua mifugo kwa wingi. Watu walihesabu hasara ya maziwa na nyama, lakini kibanja kilipoteza pia samadi yake. Miaka hiyohiyo Wajerumani walijikita Bukoba, ambako Emin Pasha alianzisha kituo mwaka 1890, na baadaye kahawa ikawa zao kubwa la kuuza. Kahawa ilileta karo za shule na mabati. Lakini kila gunia lililopanda meli liliondoka na madini ambayo hayakurudi tena.

Mikono ya kazi ilifuata. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Mchumi Anna Tibaijuka alichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu kijiji cha Kagabiro, mkoani humo, ulioangalia gonjwa hilo lilivyotikisa uchumi wa kaya za wakulima. Kibanja kinataka mtu wa kupalilia, kupunguza machipukizi, kubeba nyasi. Mtu huyo akiugua au akifariki, udongo nao unaanza kurudi ulikotoka.

Kisha udongo wenyewe. Mwaka 1998 watafiti Baijukya na de Steenhuijsen Piters walichapisha hesabu ya madini yanayoingia na kutoka kwenye mashamba ya Bukoba. Kaya zenye ng'ombe zilikuwa zinaingiza madini kuliko yaliyotoka. Kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa zinapoteza. Yaani migomba inayofanana kwa macho, mmoja unakula akiba ya babu, mwingine unaiongeza.

Mwisho, mgomba. Fukusi na minyoo ya mizizi walikuwa wakiutafuna kwa miaka mingi. Halafu mwaka 2006 ikathibitishwa kuwa mnyauko wa bakteria umeingia Kagera, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Ugonjwa huu ni katili kwa namna yake. Majani yananyauka, na ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Wanga haukai akiba tena. Mbegu bora kama za FHIA kutoka Honduras zilikuwa zimeshasambazwa, na mwaka 2021 aina nne zilizopewa jina la TARIBAN zikaidhinishwa nchini baada ya majaribio yaliyohusisha kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba. Ni kazi nzuri. Lakini mbegu bora kwenye udongo uliochoka haifiki mbali.

Sahani yako inasemaje?

Sasa tuje kwenye afya, na hapa tuvuke mpaka kidogo hadi Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako watu nao ni walaji wakubwa wa ndizi. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30. Aliona watoto wenye kwashiakoo, miili imevimba, nywele zimebadilika rangi. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa na kupewa chakula cha wanga karibu mtupu. Ndizi ya kupika ina takriban gramu 1 tu ya protini katika kila gramu 100. Mtoto anaweza kujaa tumbo na mwili ukakosa cha kujijengea. Sayansi ya leo inasema upungufu wa protini si sababu pekee ya ugonjwa huo, lakini mlo wa aina moja kwa mtoto unabaki kuwa hatari.

Lakini Trowell huyohuyo, pamoja na daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, waliona pia magonjwa ambayo hawakukutana nayo sana kwa watu wa kawaida: shida za utumbo mpana, kisukari cha ukubwani, magonjwa ya moyo. Miaka ya 1970 wakawa watetezi wakubwa wa nyuzilishe duniani. Ile selulosi tusiyoweza kuivunja, kumbe ina kazi tumboni.

Baadaye, mwaka 1982, Hans Englyst na wenzake wakaeleza kitu kingine: si wanga wote unaovunjwa kwenye utumbo mwembamba. Sehemu yake inapita hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo. Wakauita wanga sugu. Ndizi mbichi imejaa wanga wa aina hiyo. Ukiipika moto unapungua sana. Ikipoa, nyuzi kadhaa za amilosi zinajipanga upya na sehemu fulani inakuwa sugu tena. Hii si ruhusa ya mgonjwa wa kisukari kujaza sahani. Ebitoke bado ni wanga, na kiasi bado ni kiasi.

Unaona basi? Ndizi ileile, hospitali ileile, daktari yuleyule, na hadithi mbili. Tofauti iko kwenye kilichowekwa pembeni ya ndizi. Chungu cha Kihaya kilikuwa na jibu: ndizi zinapikwa pamoja na maharage, na pembeni kuna samaki wa ziwani, na msimu ukifika, senene. Maharage yalipandwa chini ya migomba ileile, na yanasaidia kuleta naitrojeni kutoka hewani. Kilichokamilisha sahani kilisaidia kulisha udongo.

Kaya ambazo mgomba umezikataa zimehamia zaidi kwenye mihogo na ugali. Si dhambi; muhogo umeokoa wengi kwa njaa. Ila muhogo una protini kidogo kama ndizi, na ukihama bila maharage na samaki, unarudi kwenye ugonjwa alioukuta Trowell.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia mjadala wa kama ebitoke ni chakula kizuri au kibaya, uliza maswali mengine kwanza. Samadi ya shamba hilo inatoka wapi? Rweya yao bado ipo, au imeshapandwa misonobari na mikaratusi? Maharage yako wapi kwenye chungu? Na kama una bibi au babu Kagondo, Kamachumu, Kanyigo au popote kule, muulize kibanja chao kilikuwa na ng'ombe wangapi alipokuwa mtoto, na sasa wako wangapi. Jibu lake litakueleza mengi kuhusu hali ya udongo ule, na kuhusu watakachokula wajukuu zake.