Kabla ya Kungoja Filamu Zijazo: Pumzi, Mwaitu na Mitaro ya Kilungu

Samahani kwa ukimya wa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Kila nikikutana na marafiki siku hizi swali ni lile lile: "Wewe mtu wa kompyuta, ni filamu gani kali inakuja? Ya roboti? Ya mazimwi? Ya kutisha?" Wanadhani ukisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, somo la kwanza huwa ni filamu za aina hiyo. Basi nikaanza kuandika orodha. Nilipofika ya tano nikagundua kwamba zote zinatoka Marekani, nikaifuta. Badala yake leo nitawapa historia, maana naona hatuwezi kujua tungoje nini kama hatujui tulichokwisha kupata.

Mimi ni wa Kilungu, kule milimani Makueni. Nikiwa mtoto, sinema kwetu ilikuwa kibanda cha video sokoni: mabati, viti vya mbao, televisheni moja na sauti ya DJ Afro. Kwa msomaji asiyemjua, huyu ni Mkenya anayeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, anasimulia, anatania, anampa shujaa jina la mtaani. Filamu ya Hong Kong ikifika kwetu tayari ilikuwa imegeuka ya kwetu. Ndiyo maana nacheka nikisoma jinsi filamu zilivyoletwa Afrika Mashariki mwanzoni.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio wa filamu kwa ajili ya Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Nyingi zilikuwa za mafunzo: kuweka akiba posta, afya, kilimo. Kisha mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers. Bwana huyu aliamini kwamba mtazamaji wa kijijini Afrika hawezi kufuata ujanja wa kamera. Picha ziende polepole, zisikatwekatwe, na mazingaombwe yasiwepo kabisa! Hebu fikirini. Watu wanaolala kila usiku na hadithi za aimu, yaani mazimwi yanayomeza watu wazima wazima, wanaambiwa akili yao haiwezi kubeba mazingaombwe ya kamera.

Vibanda vya video vilimjibu Sellers vizuri sana. Watoto wa Nairobi walimsikia Clint Eastwood akimtisha jambazi katika Sudden Impact ya mwaka 1983, wakayatamka maneno yake walivyoyasikia, yakatoka "Makmende". Likawa jina la mtu anayejifanya shujaa. Machi 2010 kundi la Just a Band likamfufua Makmende katika video ya wimbo wao Ha-He, na mtandao wa Kenya ukawaka moto. Watu walimtungia vituko visivyohesabika. Bila Hollywood, tulikuwa na shujaa wetu wa ajabu.

Mwaka huo huo, Januari 2010, filamu fupi ya Wanuri Kahiu iitwayo Pumzi ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Ina urefu wa dakika ishirini na kitu tu. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa kama debe, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na hata kuota ndoto kunazuiwa kwa vidonge. Asha, anayetunza jumba la makumbusho, anapata udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu, inachipua, na anatoroka aende kuipanda nje jangwani, akiipa maji yake ya mwisho na jasho lake.

Niliiona nikiwa chuoni, nikaipenda kama mwanafunzi anavyopenda: mavazi, skrini, mashine. Sikuielewa hadi nilipomwonyesha susu, nyanya yangu, Krismasi moja kule nyumbani. Niliweka laptopu juu ya meza, nikawa DJ Afro wake kwa Kikamba. Mbegu ile inaitwa Maitu, na filamu yenyewe inaeleza kwamba ni neno la Kikikuyu, mama. Susu akanisimamisha. "Mwaitu?" Kwetu mama ni mwaitu. Tangu hapo hakuhitaji tafsiri yangu tena.

Ilipofika mwisho, Asha amelala kando ya mche wake, mimi machozi yananilengalenga, susu akatikisa kichwa: "Mbona hajachimba mtaro? Mvua ikinyesha itaubeba huo mti mpaka Athi."

Nilicheka sana. Baadaye nikaacha kucheka. Ukitembea Kilungu leo utaona milima imekatwa ngazi kutoka juu hadi bondeni. Zile ngazi ni za mitaro ya "fanya juu": unachimba mfereji kufuata usawa wa mlima na kurusha udongo upande wa juu, tuta linajengeka, maji yanasimama badala ya kukimbia na shamba. Wakati wa ukoloni watu wa Ukambani walilazimishwa kuchimba mitaro, wakaichukia. Baada ya Uhuru waliendelea kuichimba kwa hiari, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, leo shamba lako, kesho langu. Susu alikuwa mmoja wao. Aliipita pia ile njaa ya miaka ya 1980 ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nazo: pesa unazo mkononi, chakula hakuna cha kununua. Kupima maji kwa kikombe, kuchimba mchanga wa mto mkavu hadi unyevu utokee, hayo mimi niliyaona kama ubunifu wa mwaka usiojulikana. Kwa susu yalikuwa kumbukumbu.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha filamu za namna hii. Filamu nzuri ya wakati ujao inajua kitu ambacho watu fulani wamekwisha kukipitia. Kwa kipimo hicho tunazo kadhaa. Kati Kati ya Mbithi Masya (2016), naye ni wa Just a Band: Kaleche anaamka nyikani bila kumbukumbu na kukuta hoteli ya wageni ambayo wakazi wake wote ni wafu. Ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa huko Toronto. Neptune Frost ya Anisia Uzeyman na Saul Williams (2021), iliyopigwa Rwanda: wachimba koltani na wadukuzi wanajenga kijiji kwa mabaki ya kompyuta, na Kiswahili kimo ndani yake. Kama unatengeneza programu za simu kama mimi, itazame ujue simu inatoka wapi. Kisha Kizazi Moto, filamu fupi kumi za katuni zilizotoka Julai 2023, ambamo Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza Enkai na Raymond Malinga wa Uganda akatengeneza Herderboy, ya wachunga ng'ombe wa kesho.

Sasa nitoe lawama yangu. Sisi watengenezaji wa programu tuna ugonjwa mmoja: kitu kikifanya kazi kwenye kompyuta yetu, tunasema kimekwisha. Hakijaisha mpaka kimfikie mtumiaji. Pumzi ilifika Sundance. Ilimfikia susu miaka mingi baadaye, na ni kwa sababu mjukuu wake alikuwa na laptopu. Enzi za Sellers gari la sinema lilipanda vijijini na filamu zisizotuamini. Sasa tunazo zinazotuamini, na gari halipo. Susu na wenzake ndio wangewaambia waandishi wetu mahali ambapo hadithi haijachimbwa mtaro.

Kwa hiyo wanaoniuliza ningoje ipi, jibu langu ni hili: msingoje tu. Desemba hii nitaazima projekta, nitundike shuka uani, niite majirani. Tutaanza na Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018), ya msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu. Nadhani watu wa mwethya wataielewa bila msimulizi.

Susu nimemwekea kiti cha mbele. Amesema atakuja, mradi nimalize kwanza kuzibua mtaro wa juu.

Tuonane wakati mwingine.