Isale la Mpakani

Babu alinikataza kugusa isale la mpakani kwa panga kabla sijajua kusoma. Kwetu Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, isale si pambo la uani. Ndilo lililopima kihamba, shamba la ukoo, tangu kabla ya hati na mawe ya serikali, na aliyeling'oa usiku alihesabiwa mwizi wa ardhi.

Mmea wenyewe hauna haraka. Unachomeka kipande cha shina masika yakianza, kisha unakisahau. Miaka inapita ndipo unamfikia mtu kifuani, majani mabichi hata kiangazi kikikausha mahindi. Ukikata kilele, pembeni yanachipua machipukizi mawili matatu. Ndivyo ua unavyoshonana. Babu alipogoa kwa uchoyo, akitandaza majani ya migomba shinani, basi. Mbolea? Alicheka tu.

Aliyekosa alipeleka jani la isale kuomba msamaha, na kulikataa lilikuwa jambo zito. Wazee walizikwa kihambani, isale likaota juu yao. Ndiyo maana, wamisionari Wakatoliki walipoleta kahawa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na hata KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilipoundwa mwaka 1933, kila hatua ya kihamba ikiwa na bei, ua wa babu haukusogezwa.

Ulaya ndugu za isale huuzwa vyunguni na kupamba ofisi (sijui watu wa huko wanaombana msamaha kwa kitu gani). Jirani yangu naye amejenga ukuta wa tofali. Masale manne ya babu yangali kwenye kona ya mashariki.